Mtu wa Kiti cha Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya kutia ufunguo katika mlango wa duka, Hervé Mwenze alisimama kwenye njia ya miguu na kuchungulia kupitia kioo, akitumaini kuona pengo. Alijua vizuri kwamba pengo halingeweza kuwapo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa muuzaji pekee na hakuwa ameuza kitu. Hata hivyo alichungulia. Magari matatu yalikuwa palepale, moja la kijani, moja la fedha na moja jekundu, yameinama karibu na sakafu, na mwanga wa mtaa ukiteleza juu ya boneti zao ndefu. Ndipo alipofungua mlango na kuanza kazi.

Duka hilo lilikuwa katika mtaa unaoteremka kutoka uwanja wa Flagey kuelekea mabwawa ya Ixelles, jijini Brussels. Mwenyewe alikuwa bwana Lucien, Mbelgiji mzee aliyekuwa ametengeneza mabodi ya magari ya watu wengine kwa miaka mingi kule Anderlecht, na ambaye, alipofikia umri wa kupumzika, alipenda gari moja la Kiingereza kama vile mtu anavyopenda wimbo. Gari hilo liliitwa Pendrake. Lilitengenezwa kwa mikono katika karakana ndogo huko Uingereza, machache kila mwaka. Bwana Lucien aliagiza matatu, akapaka kuta rangi nyeupe, akamwajiri Mwenze, fundi aliyetoka Lubumbashi, mtu mpole aliyejua injini na aliyevaa suti bila kuonekana kama ameiazima. Hiyo ilikuwa mwaka 2011, mwishoni mwa kiangazi.

Sote tuliosali naye kanisani tulijua kwamba kazi hiyo ilikuwa na uzito kuliko mshahara wake. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa: aliyetaka kumleta mume au mke wake Ubelgiji alitakiwa kuthibitisha kwamba ana kipato cha uhakika, kinachoendelea. Mkewe Mwenze, Alphonsine, alikuwa bado Lubumbashi, katika mtaa wa huko uitwao Kenya, na maombi yake ya viza yalikuwa yamekwisha kupelekwa pamoja na mkataba wa kazi wa mumewe. Kungekuwa na miezi ya kungoja jibu. Endapo mkataba ungevunjika kabla ya jibu kutoka, maombi yangeanguka nao. Na bwana Lucien alikuwa amesema waziwazi, bila ukali, kwamba iwapo hata gari moja halingeuzwa kufikia mwisho wa maonyesho ya magari ya Januari, angeyarudisha yote na kufunga duka.

Kwa hiyo Mwenze aliogopa. Aliogopa mvua, maana siku za mvua hakuna aliyeingia. Aliogopa jua, maana siku za jua waliingia wengi, wakapiga picha, wakaondoka.

Alikuwa mtu wa utaratibu, na alijiuliza kwa utaratibu ni nini kilichowazuia watu hao. Kasoro zilikuwa wazi. Gari lilikuwa chini mno: mawe ya barabara za Brussels yalilikwangua tumbo, na reli za tramu zililisukuma pembeni kama toroli. Paa lake la turubai lilipitisha matone machache, daima kwenye goti la kulia. Halikuwa na kile kifaa kinachozuia magurudumu yasikwame dereva anapofunga breki kwa ghafla. Kipuri kikivunjika, kilisubiriwa kutoka Uingereza kwa majuma. Juu ya yote hayo, usukani ulikuwa kulia. Karakana ilikuwa imeahidi magari yenye usukani wa kushoto, na ahadi hiyo ilisogezwa mbele kila mara bwana Lucien alipopiga simu. Katika nchi ambamo magari huenda upande wa kulia wa barabara, dereva wa Pendrake aliketi kando ya mtaro, mbali na katikati ya njia. Alipofika kwenye mashine ya tiketi ya maegesho, ilimbidi ashuke na kulizunguka gari huku walio nyuma wakipiga honi.

Jumapili moja alimtembelea rafiki yake Nday, aliyekuwa na uwanja wa magari makuukuu karibu na mfereji, upande wa Molenbeek, na kuyasafirisha magari hayo hadi Afrika. Bwana Lucien alikuwa amemruhusu kulipeleka lile la kijani ili lipate kuonekana na watu. Nday alilizunguka akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Wee Mwenze, hii motoka ni ya bantu ngapi?"

"Babili," alijibu Mwenze; watu wawili.

"Babili! Na bamaman batabeba majani ya sombe ya ku soko wapi? Ku mapaja?"

"Nday, hii si motoka ya kubeba sombe."

"Bon. Donc ni ya kubeba nini?"

"Ya kubeba muntu na raha yake."

"Alors, raha yake inauzwa? Unauzisha ngapi tangu ufike pale?" Nday alisubiri, kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Zéro! Ona uso yake! Sikia, ndugu yangu. Muzungu haogope mwendo. Anaogopa siku motoka itazimika mbele ya bantu, na fundi wa Kijerumani anamuuliza: monsieur, hii kintu ni nini?"

Mwenze alicheka pia, ila usiku ule alikula kidogo.

Sasa ni lazima nieleze desturi moja ya watu wa Katanga, jimbo la Lubumbashi, kwa sababu mambo yote yanategemea hiyo. Magari mengi ya Lubumbashi wakati wa ujana wa Mwenze yalitoka Zambia na Tanzania, na usukani wake ulikuwa kulia, ingawa nasi kule twaenda upande wa kulia wa barabara. Dereva wa gari la namna hiyo, anapokuwa nyuma ya lori, haoni kitu ila tela. Anayeona ni yule aliyeketi kushoto. Ndiyo maana kiti cha kushoto kwetu si kiti cha kupumzikia. Anayekaa hapo humtazamia dereva njia, na kumwambia kwa sauti: bado, bado, lori linakuja, bado, haya, pita. Hasinzii na hapigi soga. Kaka yake Mwenze, aliyeitwa Kyungu, alikufa kwenye barabara ya Likasi akijaribu kulipita lori la madini. Siku hiyo alikuwa peke yake garini, na kiti cha kushoto kilikuwa na gunia la unga.

Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuketi kushoto na kunyamaza. Kila mteja aliyelijaribu gari alikwenda na Mwenze, na kila mara Mwenze, kwa uaminifu kamili, alifanya kazi ya kiti chake. Aliinama mbele, mkono mmoja juu ya dashibodi, akasema kwa Kifaransa chake cha adabu: "Bado, madame. Kuna baiskeli. Bado. Sasa, tafadhali." Alidhani anawapa utulivu.

Mwezi wa Novemba alikuja daktari wa meno, mwanamke mchangamfu aliyeendesha vizuri na aliyekuwa amelipenda lile jekundu tangu mlangoni. Walikwenda hadi kwenye msitu wa Bois de la Cambre na kurudi. Aliposhuka, mashavu yake yalikuwa yamepauka. Alimkabidhi bwana Lucien ufunguo, akamtazama Mwenze kwa huruma ya kweli.

"Gari ni zuri mno," alisema. "Lakini niambie, bwana Lucien, huyu bwana anauzwa pamoja nalo?"

"Samahani, madame?"

"Maana bila yeye ningekwisha kufa mara tatu. Sikujua hata moja ya hizo mara tatu mpaka aliponiambia."

Walicheka wote. Bwana Lucien alimsindikiza hadi nje, na aliporudi alikuwa hacheki tena. Alikaa kwenye ukingo wa meza.

"Hervé, huwa unasema hivyo kwa wateja wote?"

"Ndiyo, bwana Lucien."

"Kwa wote?"

"Wao hawaoni, bwana. Mimi naona."

Bwana Lucien alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza polepole kwamba mtu hununua gari la namna hiyo ili ajihisi yuko huru, na kwamba kila "bado" ya Mwenze ilimkumbusha hatari aliyokuwa ameikubali nusu bila kuifikiria. "Zungumza kuhusu ngozi ya viti. Zungumza kuhusu mlio wa injini. Kuhusu barabara, usiseme neno. Hata moja. Waache waendeshe."

"Na wasipoona?"

"Watajifunza. Waingereza wengi huvuka bahari na magari yao na kurudi salama."

Mwenze aliitikia kwa kichwa. Aliona kwamba bwana Lucien alikuwa na sehemu ya haki, na jambo hilo ndilo lililomtia hofu mpya: huenda miezi yote hiyo aliyekuwa akiwafukuza wanunuzi ni yeye mwenyewe, kwa wema wake. Jioni alimpigia mkewe simu.

"Banakukataza kusema?" Alphonsine aliuliza. "Weye? Weye unasemaka hata kama uko mu motoka ya polisi!"

"Njo kazi, maman. Nikisema, hawanunue. Wasiponunua, banafunga. Bakifunga…"

"Usimalizie." Mwenze alisikia redio ya jirani kule Lubumbashi. "Hervé, mi naogopa kila siku. Nikiona muntu wa posta, moyo inaruka. Fanya vile bwana yako anasema."

Desemba ikapita. Maonyesho ya Januari yakafunguliwa, watu wakamiminika huko, na katika duka jeupe hapakuwa na sauti ila ya kipasha-joto. Ndipo, siku za mwisho kabisa, akaja mzee mmoja aliyefiwa na mke, msanifu majengo aliyestaafu, mrefu, mwenye skafu ya sufu na adabu za zamani. Alikuwa amekwisha kuja mara mbili kulitazama lile la kijani. Hakuuliza habari za vipuri wala za paa. Alipenda vitu vya Kiingereza, alisema, na marehemu mke wake alipenda kumcheka kwa hilo. Alikuwa tayari. Alitaka tu kuliendesha mara moja nje ya mji, kisha angetia sahihi.

Bwana Lucien alimshika Mwenze mkono pembeni. Akaweka kidole juu ya midomo.

Walipita njia ya La Hulpe, katikati ya msitu wa Soignes. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha na majani yaliyooza yalifunika ukingo wa barabara. Msanifu aliendesha kwa furaha, akisifia mlio wa injini, na Mwenze akasema maneno aliyofundishwa: ngozi imeshonwa kwa mkono, bwana; usukani ni wa mbao halisi. Alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. Mikono alikuwa ameikalia, ili isiende kwenye dashibodi.

Wakafika nyuma ya gari dogo la mizigo. Msanifu alitokeza pua ya Pendrake kushoto, akarudi, akatokeza tena. Mwenze aliona njia nyeupe, tupu, na neno lilimjaa kinywani: pita. Alilimeza. Msanifu alisita, kisha akapita, akacheka kama kijana.

"Umeona? Linahitaji mazoea tu."

"Ndiyo, bwana."

Alikuwa akitokwa na jasho ndani ya koti. Alijaribu kufikiri juu ya Alphonsine, juu ya sahihi, juu ya kalamu ambayo bwana Lucien alikwisha kuiweka mezani. Badala yake alimwona Kyungu. Hakumwona maiti, alimwona akiwa hai, akichungulia kando ya tela ambalo halikwisha, pembeni yake gunia la unga.

Kisha likatokea lori la magogo. Lilikuwa refu, lilikwenda polepole, na maji yaliruka kutoka magurudumu yake yakakifanya kioo cha mbele kuwa kama maziwa. Msanifu alitokeza pua. Upande wake wa kulia hakuona ila magogo na ukungu. Mwenze, kushoto, aliona mbali: barabara iliteremka kidogo kisha ikapanda, na kilichokuwa ndani ya ule mteremko hakikuonekana. Msanifu alikanyaga mafuta. Gari likaruka mbele, nusu yake tayari katika njia ya wanaokuja, na hapohapo taa mbili zikachomoza kutoka bondeni, juu, zimeachana sana, taa za basi.

Kilichopita ndani ya Mwenze wakati ule alikieleza baadaye kwa watu wachache, na daima kwa maneno yaleyale. Alisema kwamba aliogopa vitu viwili kwa pamoja, na kwamba kwa muda mfupi sana hakujua ni kipi kikubwa: basi, au kufungwa kwa duka. Alisema kwamba muda huo mfupi ndio unaomwamsha hadi leo.

"Bado!" alipiga kelele, kwa lugha ya kwao, kwa sauti iliyojaza gari zima. "Bado, papa! Rudi! Rudi!"

Msanifu hakujua neno hata moja la Kiswahili. Aliifahamu sauti. Alikanyaga breki na kuvuta usukani, magurudumu yakakwama, gari likateleza juu ya majani, likazunguka nyuma ya lori na kusimama ukingoni, pua ikitazama walikotoka. Basi lilipita likilia honi ndefu. Nyuma ya vioo vyake palionekana vichwa vya watoto wa shule.

Injini ilikuwa imezimika. Matone yaligonga turubai. Msanifu aliitazama mikono yake juu ya mbao ya usukani.

"Uliiona njia tangu mwanzo," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Hata lile gari la kwanza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Mwenze angeweza kutafuta jibu la heshima. Alikuwa amechoka. "Niliambiwa ninyamaze," alisema, "nami nilikubali, kwa sababu nikipoteza kazi hii mke wangu hataweza kuja." Akamweleza yote kwa ufupi, mkataba, viza, mwisho wa Januari.

Msanifu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba wabadilishane viti. Mwenze akashika usukani, na wakarudi mjini taratibu. Kwenye mzunguko wa Boitsfort palikuwa na tramu, na Mwenze, kutoka kulia, hakuiona vizuri. Mzee alijiinamisha mbele, akaweka mkono juu ya dashibodi.

"Ngoja," alisema. "Ngoja… Sasa, nenda."

Karibu na mabwawa alivua miwani, akaifuta kwa skafu. "Sitalinunua, bwana Mwenze. Usidhani ni kwa sababu yako. Gari hili lahitaji watu wawili, na mimi sina tena wa kumketisha hapa."

Mwenze alimwambia bwana Lucien kila kitu akiwa amesimama, msanifu akiwa bado mlangoni ili kuthibitisha. Bwana Lucien aligeuka mwekundu, kisha mweupe. Aliuliza basi lilikuwa umbali gani. Mwenze akamwonyesha kwa mikono. Aliuliza kama kulikuwa na watu ndani yake. Alipoambiwa ni watoto, aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Ni mimi niliyekuambia unyamaze," alisema.

"Ni wewe, bwana."

Magari yalirudishwa Uingereza wiki iliyofuata juu ya lori. Bwana Lucien hakubadili nia kuhusu duka. Kuhusu mkataba, alisema kwamba kodi ya jengo ilikuwa imelipwa hadi majira ya kuchipua, na kwamba lazima awepo mtu wa kuling'oa zulia, kuziba matundu ya kuta na kulikabidhi jengo kwa mwenyewe; mtu huyo angekuwa Mwenze, kwa mkataba uleule, mpaka jibu la viza litoke au mpaka kodi iishe.

Aliyesikia hayo angefikiri hofu ya Mwenze ilipungua. Haikupungua. Alifanya kazi peke yake kwenye ukumbi mtupu, akiziba matundu ambayo hayakuwa mengi, akijitahidi kutomaliza haraka. Nday alikuja na chakula, akatafuta la kutania, akakosa. Rangi ilikauka. Bwana Lucien akaanza kuwaleta watu waliotaka kupanga jengo: muuza maua, mwenye saluni. Mwenze aliwafungulia mlango, akawaonyesha mabomba, na kila mmoja alipoondoka aliomba moyoni kwamba asipendezwe, kisha akaona haya.

Alikuwa juu ya ngazi, mwezi wa Aprili, akipaka ukuta rangi kwa mara ya pili, simu ilipolia. Aliona namba ya Lubumbashi. Alphonsine hakuwa na desturi ya kupiga saa za kazi. Mwenze aliiacha ilie. Ilinyamaza, ikalia tena, na mlio wake uligonga kuta tupu ukawa mkubwa kupita kiasi. Alishuka ngazi akishika kila pau.

"Allô? Hervé? Allô! Weye uko?"

Mwenze aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Ju ya nini hausemi? Hervé!"

"Niko," alisema.

"Banaitika." Alphonsine alikuwa akilia, au akicheka, simu haikuonyesha tofauti. "Banaitika, papa! Niko hapa ku consulat, banaweka viza mu passeport, naiona na macho yangu. Unasikia?"

Mwenze aliketi sakafuni palipong'olewa zulia, mgongo ukutani, rangi nyeupe ambayo haijakauka ikimshika suti.

"Isome," alisema. "Isome yote, polepole. Na jina. Anza na jina."